Masomo ya "Kujaza Ratiba": Sanaa, Lugha na Mawasiliano katika Shule ya Kikatoliki

Masomo ya hiari ni yale ambayo mwanafunzi huyaongeza mwenyewe juu ya masomo ya lazima. Katika sekondari za Kikatoliki za Afrika Mashariki, kundi la sanaa, lugha na mawasiliano lina muziki, uchoraji na ufinyanzi, sanaa za maonesho, fasihi, Kifaransa, Kiarabu au Kichina, na pale mkuu wa shule anapokuwa na moyo, uandishi wa habari na utangazaji. Lisichanganywe na kile wanafunzi wenyewe wanachokiita "arts", yaani mkondo wa historia, jiografia na lugha wanakokwenda wasiosoma fizikia. Kundi linalozungumzwa hapa ni dogo kuliko hilo. Ndilo linalopewa vipindi vya Ijumaa mchana, na mwalimu wake akihama, mwaka mzima unaweza kupita bila mzazi hata mmoja kupiga simu kuuliza.

Maoni yanayotawala juu ya kundi hili husemwa kwa upole, kwenye kikao cha wazazi, baada ya sala ya kufungulia. Shule ya Kikatoliki, husemwa, inalipiwa ada kwa mambo mawili: malezi na ufaulu. Malezi yako kanisani na bwenini, ufaulu uko maabara. Muziki upo kwaya, maigizo yapo siku ya mahafali, na Kifaransa mtoto atajifunza siku akikihitaji. Kwa hiyo masomo haya ni ya kujaza ratiba: ni mazuri yakiwepo, na hayaachi pengo yakiondoka. Wenye maoni hayo hujiona wanalinda desturi ya shule ya watawa, shule ya kazi na nidhamu isiyopeperushwa na mambo ya starehe. Hapo ndipo wanapokosea kwanza, kwa sababu desturi wanayoilinda haijafikisha hata miaka hamsini.

Shule za Kikatoliki zenye madarasa yanayopandana, ratiba na mitihani zilienezwa kwa kiasi kikubwa na Wayesuiti. Shirika la Ignasi wa Loyola lilifungua chuo cha Messina, Sisilia, mwaka 1548, na mwaka 1599 likatoa mwongozo wa masomo unaojulikana kwa Kilatini kama Ratio Studiorum, uliofuatwa katika mamia ya shule. Ngazi za chini za mwongozo huo zilikuwa sarufi, kisha fasihi, kisha balagha. Hisabati na falsafa ya maumbile zilikuja baada ya hapo, kwa kijana aliyekwisha kujua kusoma maandishi magumu na kusimama mbele ya watu akasema jambo likaeleweka. Mchezo wa kuigiza ulikuwa sehemu ya kawaida ya mwaka wa shule. Corneille alipitia shule yao ya Rouen, Molière ile ya Clermont mjini Paris, na Voltaire akasoma shule hiyohiyo ya Paris ilipokwisha kubadilishwa jina. (Kwamba Voltaire baadaye aliutumia ulimi aliopewa kulichapa Kanisa ni jambo ambalo walimu wake wangependa lisahaulike. Kuandika, hata hivyo, walimfundisha.) Anayedhani kwamba sayansi ilipotea kwa mtindo huo amkumbuke Descartes, mwanafunzi wa Wayesuiti wa La Flèche, ambaye fikra yake iko kwenye kila grafu yenye mhimili wa x na mhimili wa y.

Huku kwetu mambo hayakuwa tofauti sana. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha kituo cha Bagamoyo mwaka 1868, lugha ilikuwa chombo chao cha kwanza. Padre Charles Sacleux, mmoja wao, aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, alikusanya maneno na mimea kwa mikono ileile. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka Paris mwaka 1939, bado hufunguliwa na wachunguzi wa lahaja za pwani. Na wataalamu wa mimea, kwa upande wao, wameipa jenasi moja ya mimea ya Afrika Mashariki jina la Sacleuxia. Mtu huyo angefika leo kwa mwalimu wa taaluma wa shule fulani, angeambiwa achague: sayansi au lugha.

Mifano miwili ya mbali na pwani inaonyesha shule yenyewe ikifanya kazi. Kamina, katika Katanga, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kundi la uimbaji la wavulana wa shule na walimu wao katika miaka ya 1950. Misa Luba iliyozaliwa hapo mwaka 1958 haikuanza na karatasi. Maneno ya Kilatini yaliwekwa juu ya mitindo ya nyimbo ambazo waimbaji walizijua tayari, nao wakazijaza wenyewe. Mwaka huohuo wavulana wale waliimba Ulaya, na kwa miaka mingi santuri yao ikawa ndiyo Afrika ambayo Wazungu wengi waliisikia kanisani. Serima, Zimbabwe, Padre John Groeber kutoka Uswisi alianzisha misheni mwaka 1948, na wanafunzi wakawa wanachora na kuchonga kama sehemu ya masomo yao. Nguzo, milango na sanamu za kanisa la Serima ni kazi ya mikono ya wanafunzi hao. Nicholas Mukomberanwa, aliyekuja kuwa mmoja wa wachongaji mawe wakubwa wa nchi hiyo, alianzia hapo. Wengi wa wenzake hawakuwa wasanii, wala haikukusudiwa wawe.

Sasa desturi ya kuviona vitu hivi kama pambo ilitoka wapi? Upande wa Tanzania sababu yake inaeleweka na haina uovu wowote. Mwaka 1969 sekondari za misheni zilichukuliwa na Serikali, isipokuwa seminari. Kanisa liliporudi kwa nguvu katika sekondari, hasa miaka ya 1980 na 1990, lilirudi kama mwenye shule binafsi: linategemea ada, na ada inafuata matokeo. Orodha ya shule kumi bora ikawa tangazo la bure kila mwaka. Baraza la Mitihani liliacha kuitangaza orodha hiyo kuanzia matokeo yaliyotoka Januari 2023, lakini mabango ya getini hayajaacha kuhesabu divisheni. Ni soko lililoyasogeza masomo ya sanaa pembeni. Imani haikuhusika, na ingefaa wanaotetea hali hiyo walitaje soko kwa jina lake.

Hoja ya ufaulu yenyewe haisimami hata kwa hesabu zake. Kwa utaratibu uliozoeleka wa kidato cha nne, divisheni hupatikana kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17. Achukuliwe mwanafunzi wa kubuni mwenye A ya Kiswahili, B za Kiingereza, Biolojia na Uraia, C za Historia, Jiografia na Kemia, na D mbili za Fizikia na Hisabati. Saba bora zake zinampa pointi 16. Aongeze Muziki akapata B: C moja inatoka, pointi zinakuwa 15. Aongeze Muziki akapata F: saba bora ni zilezile, pointi ni 16 zilezile. Somo la nyongeza, katika hesabu ya divisheni, linaweza kumsaidia au kumwacha alipo. Haliwezi kumshusha. Kinachobaki ni hoja ya muda, na hiyo ina uzito wake, kwa kuwa saa za mwanafunzi wa bweni zina mwisho. Lakini shule inayopata muda wa mitihani ya majaribio kila Jumamosi, tena mingine ikirudia maswali ya wiki iliyopita, haipungukiwi vipindi viwili vya uchoraji.

Hoja ya ajira ni nzito zaidi, na isidharauliwe. Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada ana haki ya kuuliza mtoto atakula nini. Kosa lake ni dogo: anadhani kazi hutolewa kwa jina la somo. Wangari Maathai alisoma kwa masista wa Loreto, Limuru, kisha mwaka 1960 akaenda chuo cha masista Wabenediktini cha Mount St. Scholastica, Atchison, katika jimbo la Kansas. Alihitimu mwaka 1964 katika biolojia, na masomo yake ya pembeni yalikuwa kemia na Kijerumani. Kijerumani, kwa msichana kutoka Nyeri aliyekuwa akisomea viumbe hai katikati ya Marekani, kilikuwa mfano kamili wa somo la kujaza ratiba. Miaka michache baadaye utafiti wake wa uzamivu ulimpeleka Giessen na Munich, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada hiyo. Kijerumani hakikuwa taaluma yake, ila ndicho kilichomwezesha kufanya kazi kule taaluma ilikompeleka.

Mtu anaweza kusema Maathai ni mmoja, na mmoja hathibitishi kitu. Basi litazamwe jambo lisilo na shujaa. Shehena ya Kongo hupitia bandari ya Dar es Salaam. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na lugha yake ya Serikali ni Kifaransa, kama ilivyo moja ya lugha za Serikali huko Burundi. Kijana wa ofisi ya uwakala wa forodha anayeweza kuisoma barua ya mteja wa Lubumbashi bila kumsubiri mkalimani ana kazi ambayo mwenzake mwenye alama nzuri zaidi za fizikia hana. Kiswahili nacho kimepanda: Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Vikao hivyo vinahitaji wakalimani na wafasiri, na mfasiri hapatikani kwa kuzaliwa Tanga.

Hapo pana kichekesho kichungu. Kanisa lililomtoa Sacleux lina shule ambazo ndani yake mwanafunzi akisikika anasema Kiswahili nje ya kipindi chake hupewa adhabu: kufagia uwanja, kulipa faini, au kuvaa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Lengo ni Kiingereza kizuri, na lengo hilo halina ubaya. Matokeo yake ni kijana anayekiogopa Kiingereza na kukionea aibu Kiswahili, na anayeandika barua ya kuomba kazi kwa lugha zote mbili bila kuimaliza vizuri kwa hata moja. Somo la hiari la fasihi ya Kiswahili, likifundishwa na mtu anayelipenda, hutibu sehemu ya ugonjwa huo. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa Mtakatifu Francis, Pugu, shule ya Kikatoliki, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Alimtafsiri Shakespeare akiwa Ikulu, na uzeeni akaziweka Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Mtu aliyeongoza nchi miaka zaidi ya ishirini hakuiona fasihi kama jambo la wasio na kazi.

Hoja inayotolewa kwa kujiamini kuliko zote ni ile ya kwaya. Kila shule ya Kikatoliki ina kwaya, kwa nini basi iwe na somo la muziki? Jibu linataka kukaribia na kutazama. Karatasi ya wimbo wa kwaya ya Kikatoliki Tanzania huandikwa kwa sol-fa: herufi d, r, m, f, s, l, t zimepangwa katika mistari minne ya sauti, nukta pacha zinatenga mapigo, kistari kinarefusha sauti, na juu kushoto pameandikwa Do ni ipi, mathalani G. Mwalimu wa kwaya aliyebakiwa na wiki mbili kufikia Pasaka hana muda wa kufundisha kuisoma. Anaimba mstari wa besi, wavulana wanaurudia. Anauimba tena, wanaurudia. Akihamia sauti ya tenori, besi wanapiga soga. Akirudi kwao wamesahau nusu. Kufikia jioni ya tatu wimbo umekaa, na Jumapili utapendeza kweli. Lakini karatasi walizoshika mkononi wamezishika kwa heshima tu. Ukiwapa wimbo mpya wataanza kuimbiwa upya kama watoto wa kipaimara. Aliyeko kwenye kinanda naye, mara nyingi, amejifunza mwenyewe kwa ufunguo mmoja. Wimbo ukitaka ufunguo mwingine, anabonyeza kitufe cha kupandisha sauti, vidole vinabaki palepale. Siku umeme ukikatika na kuletwa kinanda cha zamani kisicho na kitufe hicho, kwaya nzima inaimba chini kuliko inavyoweza, na waumini wanadhani ni huzuni ya Kwaresima.

Kipindi cha muziki huanzia pale kwaya inapoishia. Mwanafunzi anajifunza kusoma nota bila kuimbiwa, kuandika mstari wa sauti ya pili usiogongana na ule wa kwanza, kutofautisha mdundo wa ngoma ya mganda na wa lizombe, na kueleza kwa maneno kwa nini wimbo mmoja unafaa maandamano ya vipaji na mwingine haufai. Kwaya inatumia kilichopo, somo linazalisha cha kesho. Hilo Kanisa lenyewe limeliandika. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, katika kifungu cha 115 inataka mafundisho ya muziki yapewe uzito seminarini, katika nyumba za watawa na katika taasisi na shule nyingine za Kikatoliki. Na kifungu cha 119, kikizungumzia nchi za misheni, kinataka muziki wa asili wa watu ukuzwe shuleni na katika ibada. Mwaka huohuo wa 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alichapisha kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Alijua ngoma, na alijua pia kuandika hoja ambayo Roma ingeisoma. Kwaya pekee isingempa hilo la pili.

Siku hiyohiyo, 4 Desemba 1963, Mtaguso ulipitisha pia hati ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica. Kifungu chake cha 16 kinataka vijana wafunzwe matumizi ya vyombo hivyo, na kinataja shule za Kikatoliki za kila ngazi. Wakati huo vyombo vilikuwa magazeti, redio na sinema. Leo ni simu ambayo mwanafunzi huikabidhi kwa matroni akifika bwenini na kurudishiwa siku ya likizo, bila mtu yeyote kumfundisha chochote juu yake kati ya siku hizo mbili. Kuificha simu ni nidhamu ya shule na iachwe. Tatizo ni kwamba mambo yanaishia hapo.

Somo la mawasiliano likifundishwa sawasawa halina makuu. Mwanafunzi anapewa kazi ya kuandika habari ya mahafali. Analeta ukurasa unaoanza na mgeni rasmi, halafu meneja wa shule, mwenyekiti wa bodi, wazazi, "na wengineo wengi", halafu shairi la kidato cha tatu, na katika aya ya sita anataja kwamba upepo uliezua paa la bweni la wasichana wakati wa hotuba. Mwalimu anakata aya tano za mwanzo kwa kalamu nyekundu, analiweka paa juu, kisha anauliza maswali matatu: nani ameumia, wasichana watalala wapi leo, nani amesema hivyo? Mtoto aliyewahi kuulizwa maswali hayo juu ya maandishi yake mwenyewe atayauliza pia juu ya ujumbe uliosambazwa mara elfu kwenye simu, unaodai kwamba maji ya ndimu yanaponya kila kitu. Kanisa Tanzania halikosi urithi wa kazi hii. Gazeti la Kiongozi lipo tangu 1950, na Nyegezi, Mwanza, kilipoanzia Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, uandishi wa habari ulifundishwa kabla vyuo vingi vya sasa havijafikiriwa. Vyombo hivyo vyote hutegemea vijana kutoka sekondari, na vinawapokea wakiwa wanaanzia na mgeni rasmi.

Kuna pia wanaoshuku sanaa kwa sababu ya maadili: jukwaa linazoeza watoto kujionyesha, na riwaya zinawaingiza mambo ya dunia. Hoja hii haitaki jibu refu, kwa sababu Papa Fransisko aliijibu katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Alieleza humo kwamba mwaka 1964 na 1965, akiwa Myesuiti kijana, alifundisha fasihi katika shule ya Wayesuiti ya Santa Fe, Argentina. Silabasi ilidai utenzi wa kale wa El Cid. Wanafunzi walitaka García Lorca. Akaamua El Cid wausome nyumbani, na darasani wazungumzie waandishi waliowavutia. Hakuishia hapo. Alimleta darasani Jorge Luis Borges, na hadithi walizoandika wavulana wale zikatolewa kitabu kikiwa na dibaji ya Borges mwenyewe. Barua ile ilianza kwa kuwafikiria waseminari, kisha ikapanuliwa kwa Wakristo wote. Anayesema riwaya haina nafasi katika malezi ya Kikatoliki anabishana na Papa huyo, na hilo ni sawa ilimradi ajue anabishana na nani.

Kikwazo kimoja ni cha kweli: walimu. Somo la muziki, sawa na la uchoraji, lina nadharia na vitendo, na mwalimu wa historia aliyewahi kuwa kiongozi wa kwaya hawezi kulibeba mpaka mtihani. Shule ya kigango cha mbali ikisema haina mtu, inasema kweli. Ila ugumu wa kumpata mwalimu haujawahi kutumika kama sababu ya kulidharau somo la fizikia, ingawa walimu wa fizikia nao ni adimu. Kwa fizikia shule hutangaza nafasi, huongeza posho, huazima mwalimu wa jirani. Mambo hayohayo yanawezekana hapa. Chuo cha Ualimu Butimba kimejulikana kwa kutoa walimu wa sanaa. Bagamoyo, mji uleule wa misheni ya 1868, una chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Mwalimu mmoja wa muziki anaweza kuzunguka shule tatu za jimbo moja kwa wiki, kama padre anavyozunguka vigango. Vifaa navyo havitishi kama inavyosemwa: udongo wa mfinyanzi uko bondeni, marimba na zeze hutengenezwa na mafundi wa hapahapa, na gazeti la ukutani linahitaji ubao, gundi na mtu wa kusahihisha.

Na Serikali zenyewe zimeshasogea. Tanzania mwaka 2024 iliongeza tahasusi za kidato cha tano na cha sita mpaka zikafika 65, na ndani yake lugha, muziki na sanaa zimepata nafasi zisizokuwa nazo. Kenya, katika mtaala wake wa umilisi, imeipa sanaa na michezo mkondo wake kamili katika sekondari ya juu. Inashangaza kidogo kuona shule za Kanisa lililochonga Serima na kuimba Kamina zikisubiri waraka wa wizara ndipo zinunue brashi.

Shule ya Kikatoliki inaweza, kwa haki yake yote, kufuta kipindi cha muziki ili iongeze cha kemia. Ada ni zake, wazazi wameridhia, na ukaguzi hautaifungia. Inachokosa ni haki ya kusema kwamba kwa kufanya hivyo inarudi kwenye msingi wake. Msingi ulianza na sarufi mwaka 1548, na mwaka 1963 ukaandikwa tena katika hati mbili za siku moja, ambazo hakuna aliyezifuta hadi leo.